Nyar Lambwe Ametuacha

Kila Jumamosi asubuhi Willis alimwosha Nyar Lambwe kwa sabuni na kitambaa laini, na Nyar Lambwe wa pili, yaani mke wake, ndiye aliyemchotea maji ya kuoshea. Wa kwanza alikuwa gari, tena gari kuukuu la rangi ya maziwa yaliyochacha, lililopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika Rongo. Wa pili alikuwa mtu. Ukimtazama Willis akisugua zile rimu huku akipiga mluzi, usingekuwa na shida ya kujua ni yupi aliyekuwa akipendwa.

Jina lilianza na mtu. Roselyn Akinyi alizaliwa bonde la Lambwe akaja kuolewa Rongo, na tangu siku aliyoingia na sanduku lake, watu wa boma wakamwita kwa jina la kwao kama Wajaluo wanavyowaita wake zao: Nyar Lambwe, binti wa Lambwe. Alilipenda. Roselyn likabaki jina la kanisani na la kitambulisho. Kisha Willis, ambaye ni karani wa mizani ya miwa, akanunua gari, na siku ya kulileta nyumbani alikuwa ameshamwambia mchoraji aandike NYAR LAMBWE kwa herufi nyekundu kwenye kioo cha nyuma.

"Nimekuheshimu, Mama Duke," akasema, akasimama kungoja ashukuriwe.

Roselyn akashukuru. Wakati huo bado alikuwa na tabia ya kushukuru kwa lolote.

Baadaye ndipo alipoona amenyang'anywa. Mtu angekutana na Willis sokoni amuulize, "Nyar Lambwe anaendeleaje?" naye Willis ajibu kwa uso wa huruma, "Alikuwa anakohoa, lakini nimembadilishia plagi." Roselyn akiwa hapo hapo kando yake na mafua yake, hakuna aliyeuliza zaidi.

Huyu Roselyn alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa kwenye veranda ya duka la Noordin, mfanyabiashara wa vitambaa, na hapo alishona sare za shule, kanzu za kwaya na magauni ya harusi ambayo baadhi yake alikuja kuyapanua baada ya muda usio wa kutosha. Miguu yake ndiyo iliyomsomesha Duke, mwana wao, mpaka akapata kazi Nakuru. Mshahara wa Willis ulikwenda kwa Nyar Lambwe, yule wa matairi. Roselyn hakulalamika, kwa sababu mwanamke mwenye cherehani yake halazimiki kulalamika. Akitaka kitu, anashona, ananunua.

Halafu uvimbe ukaota nyuma ya goti lake la kulia. Mwanzoni ulikuwa kama ndimu. Mvua zilipokwisha, goti lilikataa kukunjwa, mguu ukanyooka kama mwiko, na cherehani ikanyamaza. Alijaribu kukanyaga kwa mguu mmoja, akashona mistari iliyopinda kama njia ya mlevi. Noordin, ambaye ni muungwana, hakusema neno, lakini fundi mwingine alishaanza kupitapita pale verandani akiipima nafasi kwa macho. Roselyn alijua kinachomngoja. Mguu usipopona, cherehani itauzwa, naye atakaa nyumbani akimwomba Willis chumvi. Ni hilo la chumvi lililomkosesha usingizi kuliko maumivu.

Daktari wa mifupa alikuwa akija hospitalini Homa Bay siku moja kila mwezi, na ikifika saa ya chakula cha mchana anarudi zake Kisumu. Roselyn alipewa nafasi. Tatizo likawa safari. Mguu usiokunjika haupandi bodaboda, na kwenye matatu hakuna mtu atakayekubali umnyooshee mguu mapajani mwake. Alihitaji gari la kujinyoosha, na ndipo Willis alipolipeleka jambo hilo kwa marafiki.

Marafiki hao walijiita Wandugu. Ni chama cha wanaume waliokutana kila Jumapili baada ya ibada kula nyama na kusifiana, na Jumapili hiyo walikutana nyumbani kwa Willis. Mwenyekiti alikuwa Maxwell, muuza mabati na misumari, mwenye van kubwa na tumbo la kutosha kuijaza, aliyekuwa akiunyemelea udiwani wa wadi. Wenzake walimwita Jakom, ambalo ni neno la Kijaluo la mwenye kiti, naye hulipokea kila mara kwa kuinamisha kichwa kidogo. Mweka hazina alikuwa Gisiri, Mkuria wa upande wa Migori, mwenye pikapu na midomo iliyobana kama mfuko wake. Wa tatu, Onyango, hakuwa na gari wala baiskeli, lakini alikuwa na sauti. Ndiye aliyeongoza nyimbo.

"Ningempeleka mimi," alisema Maxwell, akichukua kipande cha tatu cha kuku wa Roselyn. "Lakini van haina viti. Viti vinashonwa."

"Mimi siku hiyo niko na harusi Kehancha," alisema Gisiri.

"Mimi nitafunga na kuomba," alisema Onyango.

Roselyn aliyasikia yote kutoka jikoni, amesimama kwa mguu mmoja akipakua ugali. Hakushangaa. Aliwadharau watu hawa tangu zamani, dharau iliyotulia, isiyo na kelele. Aliwajua. Wandugu walikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni matanga. Walikuwa na hema lao, viti vya plastiki, vipaza sauti na masufuria ya kupikia umati. Ukiwa hai unaugua, hawakujui. Ukifa, utadhani mlinyonya titi moja. Wanaume walioshindwa kumtembelea mgonjwa mtaa wa pili walikuwa wakisafiri hadi mpakani kumzika, wamevaa suti, wakilia kwa zamu kwenye kipaza sauti.

Basi ikabidi Nyar Lambwe ampeleke Nyar Lambwe.

Siku ilipofika waliondoka asubuhi, Roselyn amekaa kiti cha nyuma kwa ubavu, mguu ameulaza juu ya kiti, mkongojo mikononi. Willis aliendesha polepole kama anayebeba mayai, na si kwa ajili ya goti. Kabla hawajafika Rangwe gari likakohoa, likaruka mara mbili, likanyamaza. Willis akaliongoza kando ya barabara, akafungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu. Alikuwa na gari miaka mingi na hadi siku hiyo ujuzi wake wote ulikuwa ni kutazama.

"Unaona nini?" Roselyn akauliza.

"Ngoja kwanza, Mama Duke. Usimharakishe."

Ilikuwa siku ya soko. Matatu zilipita zimejaa wachuuzi hadi mlangoni, na hakuna iliyopunguza mwendo. Roselyn akashuka kwa taabu, akatandika leso kwenye kivuli cha gari, akaketi. Jua lilikuwa likipanda. Kila akilitazama alimwona daktari akifunga mkoba wake.

Willis akatoa simu akawaandikia Wandugu. Alipenda kuandika Kijaluo, lakini kwenye kundi la chama waliandikiana Kiswahili kwa ajili ya Gisiri, na Kiswahili cha Willis hakikuwa na subira na mambo ya ngeli. Zaidi ya hayo, tangu alinunue gari hajawahi kulitaja kama kitu. Aliandika hivi:

"Wandugu, Nyar Lambwe ametuacha hapa karibu na Rangwe tukienda hosi. Nimejaribu kila njia lakini amekataa kuamka. Tafadhali mje haraka."

Kisha simu yake, iliyokuwa kuukuu kama gari, ikaisha chaji.

Angeandika tu "gari limezima", mambo yangekuwa mengine. Lakini aliandika "ametuacha", neno ambalo kila mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni analijua, na waliolisoma walijua pia kwamba asubuhi ile Willis alikuwa akimpeleka mkewe hospitali. Hakuna hata mmoja aliyefikiria gari. Hakuna aliyefikiria kupiga simu kwa Roselyn mwenyewe pia, maana nani humpigia maiti?

Tuseme ukweli, walifanya haraka. Roselyn alikuwa hajamaliza kujifuta jasho alipoona msafara ukitokea upande wa Rongo, taa zimewashwa mchana kweupe, vitambaa vyekundu vya matanga vimefungwa kwenye vioo vya pembeni. Mbele ilikuwa van ya Maxwell. Nyuma yake pikapu ya Gisiri, yule wa harusi ya Kehancha, imebeba hema, viti na sufuria kubwa lililotazama juu kama kinywa cha mwenye njaa. Kipaza sauti kilikuwa juu ya pikapu, na chini ya kipaza sauti alikuwa Onyango, ameshaanza kuimba.

Gari halijasimama vizuri, Onyango akaruka. "Mayoo! Nyar Lambwe! Umetuachia nani?" Akampita Roselyn pale chini bila kumtazama, akamwangukia Willis shingoni, akalia kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Maxwell akafuata, kofia kifuani. Gisiri akaja wa mwisho na leso aliyoikunja vizuri, akajipangusa jicho moja.

Na Willis, jamani, Willis akalia pia. Alidhani wanamlilia gari.

"Asanteni, wandugu," alisema kwa kwikwi. "Mlijua vile nilimpenda."

"Alikuwa wa nguvu," alisema Maxwell. "Hakuwahi kukuangusha."

"Hajawahi. Hata mlima akipanda, hapigi kelele."

Maxwell akasita kidogo, akaona si wakati wa kuulizia huo mlima. "Ni nini kilimpata?"

"Nafikiri ni pampu."

"Pampu ya moyo," akaeleza Gisiri kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesomea.

"Na sasa yuko wapi?"

"Si huyu hapa!" Willis akaipiga boneti.

Maxwell akainama akachungulia dirishani, akaona kiti kitupu. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena. "Omera, ndugu yangu, mmeshamtoa?"

Roselyn alikuwa ameketi hatua chache tu, mguu umenyooka mbele yake, akiwatazama. Hapo kwanza alikuwa hajaelewa, kisha akaelewa yote kwa mpigo, tangu vitambaa vyekundu mpaka sufuria. Kicheko kilimpanda kooni na hasira ikakikuta njiani. Akasema kwa upole, "Jakom, habari za Rongo?"

Onyango alipiga yowe akatumbukia mtaroni. Maxwell aliegemea gari, rangi imemtoka. Ilichukua muda Willis kueleza, na muda zaidi wao kukubali, na walipokubali, Roselyn alikuwa akiwatazama usoni, mmoja mmoja, kwa makini ya mshonaji anayekagua mshono. Alitafuta furaha. Alimwona Maxwell akigeuka kulitazama hema lililobebwa bure. Alimwona Gisiri akihesabu kitu kimoyomoyo. Onyango, akijipangusa matope, alionekana ametukanwa.

"Shemeji," alisema Gisiri, "si ungetuambia mapema?"

"Niwaambie nini? Kwamba sijafa?"

Wanaume walikuwa wameikumbuka boneti. Boneti ikiwa wazi, mwanaume wa hapa hawezi kupita bila kuinama ndani yake, hata kama nyumbani kwake balbu hubadilishwa na mkewe. Vichwa vinne vikazama humo.

"Hiyo ni plagi."

"Plagi gani? Sikia vile inanuka. Hii ni kompyuta yake."

"Hii gari haina kompyuta, Onyango."

"Basi ndiyo shida yenyewe."

Walivuta waya, wakaurudisha. Walimwambia Willis awashe, akawasha, gari likasema kha, kha, wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kweli, huzuni kubwa kuliko ile waliyokuja nayo. Kivuli cha Roselyn kilikuwa kimeanza kufupika, na hakuna aliyemuuliza goti linasemaje.

Akasimama. Alijikongoja hadi kwenye van ya Maxwell, akavuta mlango wa nyuma. Viti havikuwemo, hilo lilikuwa kweli. Vilikuwa vimetolewa, na mahali pake palitandikwa godoro jipya na shuka jeupe lililopigwa pasi, tayari kumlaza mtu aliyenyooka. Lilikuwa gari lile lile aliloliomba. Hakuna kilichopungua isipokuwa yeye kufa. Roho ilimchoma, akageukia boneti, mlango bado ameushika.

"Jakom. Hii gari inanitosha. Nipelekeni, daktari bado yuko."

Vichwa vikatoka kwenye boneti. Maxwell akamtazama Gisiri, Gisiri akakohoa.

"Shemeji, tusikosane. Hii mafuta ni ya matanga. Katiba ya chama iko wazi. Ya mgonjwa hatuna, ni ya mfu peke yake."

"Ni ya mfu."

"Mfu. Mimi sikuandika, nilikuta."

Roselyn aliketi ukingoni mwa godoro, akauinua mguu kwa mikono miwili akauingiza ndani, akajivuta, akalala chali. Akavuta shuka hadi kifuani.

"Basi nimekufa," alisema. "Mliandikiwa nimewaacha. Nimewaacha. Endesheni."

"Ai, shemeji, usiseme hivyo!" Maxwell alishtuka kweli. "Ni mkosi!"

"Mkosi ni huu, Jakom. Mkinishusha hapa nitarudi kwa veranda ya Noordin na mguu wangu hivi hivi. Sina kazi nyingine, nitakuwa nakaa tu. Na kila mwanamke wa wadi hii anayeleta nguo kushonwa nitamwambia habari ya viti vilivyokuwa vinashonwa. Nitamwambia shuka ilikuwa imepigwa pasi. Wewe unataka kura za nani?"

Udiwani ulipita mbele ya macho ya Maxwell ukienda bila yeye. Akatoa ufunguo mfukoni.

"Onyango, panda. Gisiri, fuata nyuma."

Willis alikuwa bado ameshika spana. Aliitazama van, akalitazama gari lake lililoachama, uso wake ukajaa taabu.

"Mama Duke, na Nyar Lambwe nimwachie nani? Hapa watamng'oa taa."

Hata Gisiri aliinama akatazama viatu vyake. Roselyn alinyanyua kichwa kutoka kwenye godoro, akamtazama mume aliyemzalia mtoto na kumchotea maji ya kuoshea gari Jumamosi zote hizo. Alingoja kidogo, labda mtu huyu atajisikia mwenyewe alichosema. Hakujisikia.

"Kaa naye, Baba Duke," alisema. Na kilichomuuma zaidi ni kuona jinsi Willis alivyoshukuru.

Hivyo Roselyn Akinyi akapita Rangwe amelala chini ya shuka jeupe. Onyango alijizuia mwendo mfupi tu, kisha sauti ikamtoka yenyewe, kwa mazoea, wimbo wa kumsindikiza marehemu, na hakuna aliyemnyamazisha. Matatu zilezile zilizokataa kusimama zikakaa kando. Bodaboda zilizima injini. Wanawake wa soko walisimama nyuma ya mafungu ya omena na nyanya zao, wengine wakajishika vichwa, na polisi mmoja akavua kofia. Roselyn aliyaona yote kupitia kioo cha nyuma. Hajawahi kupishwa hivyo maisha yake yote, hata siku ya harusi, na aliwadharau wote kwa pamoja, waliovua kofia na waliolia, huku akiomba wasiache mpaka afike.

Kwenye lango la hospitali mlinzi alikimbia kufungua, akaonyesha kwa mkono kwa heshima kubwa. "Mochari ni huko nyuma, mzee. Pole sana."

Roselyn akaketi. "Mimi ni wa hapa mbele," alisema, akatafuta mkongojo wake.

Alimwacha mlinzi mdomo wazi akaingia kwa miguu yake, mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburutwa. Ukumbi ulikuwa umebaki watu wachache. Muuguzi, msichana mchangamfu aliyeitwa Lynnet, alikuwa ameshika mlango wa daktari akiita, "Roselyn Akinyi? Roselyn Akinyi hajafika?" na Roselyn alisimama akageuka kumtafuta huyo anayeitwa, kabla ya kukumbuka ni yeye.

Daktari alikuwa ameshavua koti jeupe. Alilivaa tena. Alibonyeza nyuma ya goti, akaukunja mguu kidogo kidogo mpaka Roselyn akauma meno, akamulika kwa mashine yenye kioo. Akamwambia ni mfuko wa maji. Si ule ugonjwa aliokuwa akiuwaza bila kuutaja. Arudi mwezi ujao uondolewe, na akitunzwa vizuri atakanyaga cherehani kama zamani.

"Ila usije kwa pikipiki," akaongeza. "Na kurudi nyumbani utarudi umelala. Una mtu mwenye gari kubwa?"

Roselyn akafikiri. "Ninao," alisema.

Alipotoka, machozi yalikuwa yamemjaa, akasimama nyuma ya nguzo mpaka yakakauka, kwa maana hakutaka watu hao wayaone wakadhani ni yao. Walikuwa kivulini kando ya van, vitambaa vyekundu bado vinapepea, wamenunua samaki wa kukaanga na wanamla kutoka kwenye gazeti. Walipomwona wakainuka. Maxwell alipangusa mafuta mdomoni, akavua kofia, akavaa ule uso wake wa msibani, uso pekee aliokuwa nao wa kuonyesha kwamba anajali.

"Shemeji," alisema polepole, "daktari amesema nini?"

"Amesema hema mrudishe," alisema Roselyn. "Lakini mwezi ujao nitawaacha tena. Godoro liacheni garini."